Barua ya wazi: Kabla ugonjwa haujapata jina, nani alipe?

Kwa Waziri wa Afya. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali ambayo sote twaiita SHA. Kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa. Na kwa magavana wetu sita wa Pwani.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni fundi wa kushona nguo, na kwa miaka minane sasa nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha kina mama katika kijiji kimoja kati ya Malindi na Mambrui. Kikundi kilianza kwa vyombo: kila mwezi mmoja wetu akipata sufuria, thermosi au sahani za udongo. Sufuria zilikwisha kitambo. Siku hizi tunachangia wagonjwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma hesabu mpaka kidato cha nne, daftari ninalo mimi. Ni daftari la jalada gumu, lile wenye maduka huliita kaunta buku. Kila shilingi iliyoingia imo, na kila shilingi iliyotoka, na ilikwenda wapi.

Ndani ya daftari hilo kuna mwanamke aliyechukua mstari mmoja tu, na kuna mwingine aliyechukua kurasa saba. Nawaandikia kwa sababu ya wanawake hao wawili.

Nianze na kurasa saba. Nitamwita Bi Mwana. Si jina lake, ila wa kwetu watamjua, na amenipa ruhusa. Ana miaka 52, anauza mahamri na mbaazi barazani kwake, na nusu ya kijiji ina deni lake. Ramadhani ya mwaka 2025, akioga kabla ya daku, alishika kitu kwenye ziwa la kushoto. "Kama kokwa ya kunazi," ndivyo alivyonieleza. Hakikuwa kikiuma. Kwa kuwa hakiumi, alikiacha mpaka Idi ikapita, na kosa lake, kama ni kosa, linaishia hapo. Wiki moja baada ya Idi alikuwa zahanati.

Zahanati hatukulipa kitu. Muuguzi alimpima kwa mikono, akamwandikia rufaa, akasema maneno ambayo niliyaandika daftarini usiku ule: "Mama, hili lisilale."

Lililala miezi minane. Naomba mnisikilize lilivyolala, kwa sababu si uzembe uliolilaza.

Kwanza ilikuwa SHA yenyewe. Bi Mwana alikuwa amesajiliwa, kama mlivyotuhimiza kwa magari ya vipaza sauti. Lakini kusajiliwa si kulipiwa. Yeye hana mwajiri wa kumkata asilimia 2.75 ya mshahara, kwa hiyo alijibu maswali ya kupima uwezo wa nyumba yake. Nyumba imeezekwa nini? Mabati. Mabati yale alinunuliwa na mwanawe wa kike aliye Saudia, kwa sababu makuti siku hizi ni ghali na kila miaka michache yataka kubadilishwa. Mashine ikaona mabati ikamwona tajiri. (Huku kwetu walioezeka makuti ni hoteli za watalii, labda nao wangejibu maswali hayo wangehesabiwa maskini.) Akapangiwa shilingi 700 kwa mwezi, wakati kiwango cha chini kabisa ni 300, tena zilipwe za mwaka mzima mara moja: 8,400. Mtu anayeuza hamri kwa shilingi kumi hana siku ambayo huamka na 8,400. Baadaye mkaleta mpango wa kukopa ada hiyo na kulipa polepole, nasi tumeusikia. Kwetu sisi hilo ni deni la kuingilia kwenye ugonjwa. Wiki tatu zikapita katika kuchanga.

Hospitali ya kwanza ikasema yataka picha ya ziwa. Mashine ilikuwapo, nimeiona kwa macho yangu, imefunikwa shuka. Mtaalamu hakuwapo, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Tuliporudi, mashine ilikuwa na hitilafu. Mwaka 2015 serikali ilikodi mashine kama hizo kwa kaunti zote 47, na Seneti ikaja kukaa miezi kuuliza zilipatikanaje na kwa nini nyingine zililala bila kazi. Sitalifufua suala hilo leo. Nasema tu kwamba mashine iliyofunikwa shuka bado ipo, na mgonjwa anaambiwa aende kwa watu binafsi.

Kwa watu binafsi, picha na ultrasaundi ni 5,500. Bi Mwana akauliza kama SHA italipa. Kijana wa dirishani, mpole kabisa, akaitazama simu yake, akasema: "Mama, SHA yako iko hai. Ila kwa hii bado hujaifikia."

Bado hujaifikia. Tulidhani ni neno la kijana yule. Kumbe ni neno la kila dirisha tuliloliendea baada ya hapo.

Shilingi 5,500 ni mahamri 550, kabla hujatoa unga, sukari, nazi, mafuta na kuni. Fedha ikapatikana Juni. Picha ikaonyesha kivuli, na chini daktari akaandika kwamba yashukiwa. Sasa yatakiwa kukata kinyama kipelekwe maabara: 9,500. Hiyo nayo bado hujaifikia, kwa sababu kifurushi cha saratani, yaani fungu ambalo SHA hulipia matibabu yake, kinafunguliwa kwa ripoti ya maabara, na ripoti ya maabara ndiyo hiyo tunayotakiwa kuilipia. Nilimwomba mama wa dirisha lile anirudilie, nikidhani sijamwelewa. Akanirudilia. Nilikuwa nimemwelewa.

Tuliuza mbuzi. Mwanawe wa Saudia akatuma, na yeye mshahara wake ulikuwa umecheleweshwa miezi miwili. Agosti kinyama kikakatwa, na majibu yakakaa wiki tatu. Yalipokuja yalikuwa na lile neno. Nakumbuka, Mungu anisamehe, kwamba nilifurahi. Niliwaza: alhamdulillahi, sasa ugonjwa una jina, sasa tumeifikia.

Bado. Palitakiwa kipimo cha pili cha kile kile kinyama, kujua saratani hiyo inalishwa na nini, ili daktari ajue aandike dawa gani: 13,000. Kisha damu na moyo, maana dawa ya dripu ni nzito na moyo lazima upimwe kwanza: 4,000. Kisha idhini kutoka kwenu, ambayo ilihitaji alama za vidole, na vidole vya mtu aliyekanda unga na kushika makaa miaka thelathini havina alama tena. Tuliambiwa tupake mafuta tujaribu kesho.

Novemba akapata dripu ya kwanza. Na hapa lazima nitende haki: siku ile SHA ililipa kila kitu. Bi Mwana hakutoa hata shilingi. Alitoka pale akiangalia nyuma, kama mtu aliyepanda basi bila tiketi na kondakta hakumuuliza.

Jioni ile nilijumlisha. Ada ya SHA 8,400. Nauli zetu sote wawili, safari zote, 6,400. Picha 5,500. Kinyama 9,500. Kipimo cha pili 13,000. Damu na moyo 4,000. Jumla 46,800. Ile kokwa ya kunazi ilikuwa imekuwa kama yai la kuku, na kwapani mlikuwa na matezi. Daktari, kijana mzuri, aliyekuwa na wagonjwa arubaini nje ya mlango wake, alimuuliza: "Mama, mbona umechelewa?"

Bi Mwana, mtu asiyekosa jibu, ambaye hata chifu humpisha njiani, aliinamisha kichwa.

Waheshimiwa, SHA ilipoanza Oktoba 2024 mlitangaza kwamba nyumba yenye mgonjwa wa saratani itasaidiwa mpaka 550,000 kwa mwaka: 400,000 kutoka hazina ya bima na 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu na mahututi. Tangu siku hiyo kila anayesimama jukwaani kuzungumzia saratani anazungumzia kikomo hicho. Kinatosha au hakitoshi, kipandishwe mpaka ngapi. Kipandisheni. Wapo ambao dawa zao humaliza kikomo kabla ya nusu ya mwaka, na wapo mke na mume wanaougua pamoja na kugawana kifurushi kimoja kwa sababu kifurushi ni cha nyumba, si cha mgonjwa. Hao wana haki ya kupiga kelele.

Lakini Bi Mwana hakukwama kwenye kikomo. Kati yake na zile 550,000 mlizomtengea palikuwa na 46,800, hata sehemu ya kumi haifiki, na hizo 46,800 ndizo zilizokula miezi minane ya ziwa lake. Mmejenga nyumba nzuri, mmeweka chakula mezani, mkaficha ufunguo dukani, na duka linauza kwa fedha taslimu.

Najua nitajibiwa kwamba orodha ya ada ina picha fulani, ina vipimo fulani, kwamba huenda dirisha lile lilikosea. Inawezekana. Sibishani na karatasi zenu. Mimi napeleka watu madirishani, na kwa wagonjwa tisa wa saratani walio katika daftari langu tangu tuanze kuchanga, hakuna hata mmoja ambaye kinyama chake kililipiwa na bima, si NHIF ya zamani wala hii ya sasa. Kama kuna kanuni inayosema kilipwe, basi kanuni hiyo haijafika Pwani, na hilo nalo ni la kwenu. Watu wa hospitali nao wana yao: wanasema wanawadai, wanasema fedha za NHIF hawakulipwa na za SHA zachelewa, kwa hiyo pale wanapoweza kuchukua fedha mkononi wanachukua. Mkigombana ninyi na wao, risiti naiandika mimi.

Sasa nije kwenye ule mstari mmoja.

Ni wifi yangu. Mwaka juzi alipeleka mtoto chanjo, muuguzi akamwambia wanapima kina mama mlango wa kizazi siku hiyo, kama yuko tayari. Kipimo chenyewe ni cha siki. Nawaeleza wale ambao hawakijui: muuguzi anapaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kidogo, na sehemu isiyo salama inageuka nyeupe. Hakuna kungojea barua kutoka Nairobi. Wifi yangu alionekana na weupe kidogo. Hakuwa na saratani, alikuwa na kile kinachoweza kuwa saratani baada ya miaka. Wakamchoma pale pale kwa kifaa kidogo, akarudi nyumbani na mtoto mgongoni, akapika. Daftarini kuna: "Wifi, boda kwenda na kurudi, 100." Basi.

Nimeutazama mstari huo mara nyingi kuliko kurasa zote saba. Hapakuwa na idhini, wala alama za vidole, wala maswali ya mabati na makuti. Mtu fulani serikalini aliamua kwamba siki, glavu na muda wa muuguzi vilipiwe kabla mwanamke hajawa mgonjwa. Na si hiyo peke yake. Tangu Oktoba 2019 mmekuwa mkiwachanja wasichana wa miaka kumi bila malipo dhidi ya kirusi cha HPV, kile kinacholeta saratani hiyo hiyo. Binti yangu alichanjwa shuleni, akalia, akapewa peremende. Hakuna aliyemuuliza kama mamake amelipa ada ya mwaka.

Kwa hiyo kulipa mapema mnakujua. Mnakujua kwenye mlango wa kizazi. Mnapofika kwenye ziwa, kwenye tezi dume, kwenye koo la chakula ambalo linawaua wanaume wetu wengi, mnasahau, mnatuambia kwanza tuugue vizuri, tuugue kwa maandishi, ndipo tuje.

Mwezi mmoja wa mwaka 2019 sitausahau. Julai, tarehe ya kwanza, akafa Bob Collymore aliyekuwa akiiongoza Safaricom. Tarehe 26 akafa Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Siku tatu baadaye akafa Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Wote saratani, wote walikuwa wametibiwa ng'ambo. Viongozi wakasimama wakataka saratani itangazwe janga la kitaifa. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, redio imewashwa, nikaacha kushona. Niliwaambia wenzangu: sasa wameonja, sasa watafanya. Na vitu vingine vilifanywa, sikatai. Mashine za mionzi sasa ziko Mombasa, Nakuru na Garissa. Miaka ile mgonjwa wetu wa pili daftarini alikwenda Nairobi akalala kwenye korido ya jamaa wa jamaa miezi mitatu akingoja zamu. Lakini mliponunua mashine mlinunua za mwisho wa safari. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonyesha Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000, na waliokufa kwa saratani mwaka huo huo ni zaidi ya 29,000. Siyo kwamba saratani ya Mkenya ina meno kuliko ya Mwingereza. Inakutwa imeshakomaa.

Ninachowaomba nitakisema kwa lugha ya dirishani, maana huko ndiko kinakotakiwa kufika.

Siku muuguzi au daktari anapoandika "yashukiwa", SHA ifunguke siku hiyo. Picha, kinyama, maabara ya kwanza na ya pili, vyote vihesabiwe ni sehemu ya kifurushi cha saratani, hata kama majibu yatakuja kusema si saratani. Hasa yakija kusema si saratani. Najua mtaogopa watu kumiminika. Wengi wa wenye uvimbe hawana saratani, na mtalipia picha nyingi zenye heri. Lakini pigeni hesabu ya fundi cherehani: zile 22,500 za kinyama na vipimo viwili vya maabara zingelipwa Aprili, pengine Bi Mwana angekatwa uvimbe peke yake. Badala yake amekatwa ziwa zima, amepata dripu, na sasa anangoja mionzi, na bili hizo zote mnazilipa ninyi. Hamkuokoa kitu kwa kumkataza 22,500. Mmejipandishia bili wenyewe, na ziwa limekwenda.

Ada ya mwaka ivunjwe kwa mwezi kwa asiye na mshahara. Mvuvi hulipa kodi ya nyumba kwa mwezi, hulipa deni la dukani kwa wiki, hata chama chetu hukusanya kila Ijumaa. Hakuna anayeishi kwa mwaka huku isipokuwa mnazi. Na mtu akishaandikiwa kwamba anashukiwa saratani, asiulizwe ada kabla ya kupimwa. Mumpime kwanza, mmdai baadaye. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Sikuona pale maneno "baada ya kulipa miezi kumi na miwili".

Halafu mionzi. Bi Mwana ameandikiwa mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano. Kila mara moja huchukua dakika chache. SHA inalipia dakika hizo. Kutoka kwetu mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 120, na foleni ya Mtwapa mnaijua, au madereva wenu wanaijua. Kwenda na kurudi kila siku ni zaidi ya shilingi 1,000 kwa mtu, na mtu anayechomwa mionzi hasafiri peke yake. Kupanga chumba ni fedha nyingine, na mahamri hayapikwi na mtu aliye Mombasa. Katika wale tisa wa daftarini, wawili waliacha mionzi katikati. Hospitali bila shaka iliandika kwamba walitoroka matibabu. Mmoja alitoroka kwa sababu alikuwa akilala kwenye benchi la nje la wodi na mvua za Mei zikaanza. Magavana sita wa Pwani, hili ni lenu zaidi kuliko la Nairobi: nyumba moja Mombasa, ya vitanda tu na jiko, kwa wagonjwa wa mionzi kutoka Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Mna nyumba za kaunti zinazokaa na popo. Wekeni vitanda, kupika tutapika wenyewe.

La mwisho ni la picha ya ziwa, na ni dogo. Mashine ile iliyofunikwa shuka, mtafutieni mtu. Kama mtaalamu hawezi kukaa kila siku, basi aje siku inayojulikana, iandikwe ukutani kama zinavyoandikwa siku za kliniki ya wajawazito. Kina mama wa kwetu wanajua siku ya kliniki kuliko wanavyojua siku yao ya kuzaliwa. Waambieni Jumatano ni picha, watakuja Jumatano.

Sijawaandikia ili mumtafute Bi Mwana mumpige picha naye akipokea mfano wa hundi. Anaendelea. Nywele zimeanza kurudi, laini kama za mtoto, na anazionea haya kuliko alivyouonea ugonjwa wenyewe. Barazani sasa anapika mjukuu wake. Mahamri yake hayaumuki kama ya nyanyake lakini watu wananunua kwa heshima. Mionzi itaanza mwezi ujao ikiwa tutapata pa kulala.

Ukurasa unaofuata zile saba una jina jipya. Ni mwalimu wa chekechea, ana miaka 34, ameshika kitu kwenye ziwa la kulia. Alikuja kwangu usiku baada ya isha, akafunga mlango ndipo akasema. Zahanati wameshamwandikia rufaa. Jumatatu tunapanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri. Ameniuliza picha ni bei gani, nikamwambia. Chini ya jina lake bado sijaandika tarakimu yoyote. Kwenye simu ya kikundi kuna shilingi 3,150.

Wenu,

Mweka hazina wa kikundi cha kina mama,
Kaunti ya Kilifi